Mpya, mtumba au ya kukodi: mjadala wa Bunju juu ya regulata ya kuzamia

Ukishuka kutoka Bunju kwenda Mbweni, bahari haikawii kuonekana. Ukiifuata pwani kurudi kusini, Ununio hadi Kunduchi, unaanza kuviona visiwa: Mbudya, Pangavini, na mbele zaidi Bongoyo. Pamoja na Fungu Yasini, visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Vijana wa huku wamekua wakivitazama, na wengi wanajua kuogelea tangu utotoni. Waliowahi kuvaa mtungi wa hewa ni wachache. Hao wachache, wakishapata cheti cha kwanza cha uzamiaji, kile kinachomruhusu mtu kushuka hadi mita 18, wanakutana na swali moja: regulata nitaipata wapi, na ya namna gani?

Regulata ndiyo inayokaa kati ya mtungi na mapafu. Mtungi uliojaa una hewa ya bari 200 hivi, na hakuna kifua cha binadamu kinachoweza kupokea hewa hiyo moja kwa moja. Hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi, inaishusha hadi bari 9 au 10 juu ya mgandamizo wa maji yanayokuzunguka. Hatua ya pili, ile unayoing'ata, inaishusha tena ilingane na maji uliyomo, na inaachia hewa pale tu unapovuta pumzi. Walioiunda kwa umbo tunalolijua ni Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, mwaka 1943. Gagnan alikuwa tayari na vali aliyoitengeneza kwa ajili ya magari ya gesi, maana wakati wa vita petroli ilikuwa adimu. Mkazi wa Dar es Salaam anayepanda bajaji za gesi kila siku ataielewa hadithi hiyo upesi.

Mjadala huu una sauti nne, na sitaji majina yao. Kijana anaongoza wageni visiwani na anataka kuwa mwongoza wazamiaji. Mzee alizamia bandarini miaka mingi, akikagua matumbo ya meli. Dada ni mwekahazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Fundi anafungua na kufunga regulata, kazi aliyojifunza Unguja. Kijana ameomba mkopo. Juu ya meza, ndani ya mfuko wa nailoni, ipo regulata ya mtumba ambayo mwenye nayo amemwachia aijaribu kwa siku chache.

KIJANA: Shikamoo mzee. Shikamoo dada. Nimeleta mzigo wenyewe ili tusibishane hewani. Seti nzima hii: hatua ya kwanza, hatua ya pili, mdomo wa akiba wa manjano, na geji. Anataka dola 150. Mpya, hata ile ya chini kabisa, naona inaanzia dola 300 hivi, na bado hujalipa usafiri, ushuru na VAT. Mimi nikiikosa hii, nitakaa miaka miwili mingine nikiazima.

MZEE: Marahaba mwanangu. Mimi nitasema yangu mapema, halafu niwasikilize. Nimefanya kazi chini ya meli, mahali ambapo mkono wako mwenyewe huuoni. Kitu kinachonipa pumzi nataka nijue kimezaliwa wapi na kimelelewa na nani. Nchi hii imekataza nguo za ndani za mtumba zisiingizwe, kwa kulinda afya ya watu. Sasa hiki unakitia mdomoni, na uhai wako wote unaning'inia hapo. Nunua mpya. Kama huna hela ya mpya, subiri.

DADA: Baba, mpya ni ya nani? Tusizungumze kana kwamba hela ipo. Mimi nina swali la kitabu: huyu kijana anazamia mara ngapi? Masika mito inamwaga tope, maji yanachafuka. Kusi likikaza, mashua hazitoki kila siku. Wageni nao wana majira yao. Vituo vingi vya kuzamia vya Unguja na Mafia vinamtajia mgeni bei ambayo vifaa vimo ndani yake. Ukija na vyako, unapunguziwa kidogo au hupunguziwi kabisa. Kwa hesabu hiyo, anayezamia mara chache kwa mwaka akodi tu. Hela ya watu isikae kabatini ikiota kutu.

KIJANA: Dada, kukodi nimekodi. Unaambiwa chukua ile pale ukutani. Leo unapata inayotoa hewa laini, kesho unapata nyingine, kuivuta ni kama kunyonya uji mzito kwa mrija. Halafu kuna ule mdomo wa manjano. Ule si wangu, ni wa mwenzangu atakayeishiwa hewa. Nikiwa na mgeni chini ya maji, akaukamata ule, nataka niwe na uhakika kwamba unafanya kazi. Nitakuwaje na uhakika na kitu nilichokipokea nusu saa iliyopita?

Hapo kijana amesema jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Anayelinganisha bei huhesabu pumzi zake peke yake. Lakini kila seti ina midomo miwili, na wa pili umewekwa kwa ajili ya mtu mwingine, tena katika dakika ambayo mtu huyo ameshaingiwa na hofu. Ndio mdomo unaotumika kwa nadra kuliko yote, na kwa sababu hiyo ndio unaosahaulika kuliko yote. Nimeona watu wakiivuta hatua ya pili ya kwao mara tatu kabla ya kushuka, na ule wa manjano wasiuguse.

FUNDI: Naomba mzigo.

Akaitoa regulata kwenye mfuko, akaigeuza, akakifungua kile kifuniko cha plastiki kinachozuia vumbi. Ndani ya mdomo wa hatua ya kwanza, hapo hewa ya mtungi inapoingilia, kuna chujio dogo la chuma, duara, dogo kuliko sarafu. Akalielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, akatuita mmoja mmoja.

FUNDI: Mnaona rangi gani?

DADA: Kijani.

FUNDI: Chujio zima linapaswa kung'aa kifedha. Likiwa na wekundu, mtungi uliotumika ulikuwa na kutu ndani. Likiwa jeusi, pengine hewa ilijazwa na kompresa chafu. Kijani hii ni kutu ya shaba. Maana yake maji ya chumvi yameingia hatua ya kwanza na yakakaa. Mtu aliiosha bila kufunga kifuniko, au aliitumbukiza kwenye ndoo akakibonyeza kitufe cha hatua ya pili wakati hakuna hewa kwenye hozi. Ukikibonyeza hivyo unafungua njia, maji yanapanda mpaka juu. Kwa nje ameipiga brashi, inang'aa. Ndani hatujui mpaka niifungue.

KIJANA: Lakini inatoa hewa. Nimeijaribu.

FUNDI: Itatoa. Hata mbovu inatoa. Sasa tazama hapa.

Akakirudisha kifuniko na kukikaza, akauweka mdomo wa hatua ya pili kinywani, akavuta. Kwa kuwa hakuna mtungi, isingepaswa kuja hewa hata kidogo. Ikaja, kidogo tu, ikisikika.

FUNDI: Kuna mahali panavujisha. Inaweza kuwa kiwambo cha mpira kimechanika, inaweza kuwa vali ya kutolea pumzi haikai sawa. Chini ya maji, palipopita hewa hapa patapita maji. Utavuta pumzi uipate na chumvi ndani yake. Mzoefu atakohoa aendelee. Mgeni wa siku ya kwanza atakimbilia juu ameshikilia pumzi, na kupanda hivyo hata kutoka mita chache kunaweza kupasua mapafu.

MZEE: Ndiyo niliyosema. Mtumba utakukatia hewa.

FUNDI: Hapana mzee wangu, hapo nakupinga kwa heshima. Hizi za kisasa zimeundwa zikiharibika zifunguke, zisifunge. Mara nyingi hewa haikatiki, inamwagika. Inatoka mfululizo, na mtungi unaisha kwa dakika chache, hasa ukiwa chini. Ndiyo maana mzamiaji anafundishwa kuvuta hewa kwenye regulata inayomwagika huku akipanda taratibu. Na hilo la kumwagika linatokea hata kwa mpya ambayo haijawahi kufanyiwa sevisi. Mpya ni mpya siku ya kwanza. Baada ya hapo ni ya mwenyewe.

MZEE: Sawa, lakini mpya inakuja na karatasi, na dhamana.

FUNDI: Inakuja nayo, na ni nzuri. Baadhi ya watengenezaji wanakupa spea za bure kwa masharti: uwe mnunuzi wa kwanza, na uifanyie sevisi kila mwaka au kila miaka miwili, kadiri kitabu chao kinavyosema, kwa fundi waliyemwidhinisha. Sasa wewe uko Bunju. Fundi huyo yuko wapi? Ukikosa sevisi moja, dhamana imekwenda, na umeshalipa bei yake.

Mimi nadhani hapa ndipo mjadala ulipotakiwa kuanzia. Tunabishana mpya au mtumba kama vile tunanunua kiatu. Regulata ni mashine yenye mipira, oringi na viti vya vali vinavyochoka, na uimara wake unategemea kama kuna mtu wa kuifungua, mwenye spea zake na geji ya kupimia mgandamizo wa kati, yaani ule unaotoka hatua ya kwanza kwenda ya pili. Watengenezaji wengi hawamuuzii spea kila anayeziomba, wanawauzia mawakala na mafundi wao. Kwa hiyo anayeishi Bunju amtafute fundi kwanza, amuulize anahudumia chapa zipi na spea za zipi anazo mkononi, ndipo aanze kutafuta regulata. Afanyaye kinyume, akaagiza chapa nzuri isiyo na fundi pwani yote hii, amenunua pambo la ukutani hata kama ni mpya ya boksi.

Ndiyo sababu pia vituo vya kuzamia, ambavyo riziki yao inategemea regulata zisizokwama, hupenda zile rahisi. Kuna hatua za kwanza za pistoni zisizo na mbwembwe, kama Scubapro MK2, zenye sehemu chache zinazosogea. Zina kasoro yake: mtungi unavyopungua, kuvuta kunakuwa kuzito kidogo, hasa ukiwa ndani sana. Lakini kwa miamba ya Mbudya, ambako mtu hashuki sana, kasoro hiyo haimuumizi. Wala hatuhitaji kulipia regulata zilizofunikwa kuzuia barafu. Hizo ni za maji ya baridi kali, na bahari yetu haijui barafu. Kama utalipia kifuniko, kilipie kwa sababu ya mchanga na chumvi.

DADA: Fundi, nipe hesabu. Hii ya dola 150, ukiifanyia kazi, itafika wapi?

FUNDI: Sevisi ya seti nzima mara nyingi inafika dola 100, au inapita, ukijumlisha spea. Hozi hizi mbili nazikataa. Angalia hapa, karibu na chuma, ukiikunja kidogo mpira una nyufa. Hii nyingine ni ya kusuka, kwa nje huoni kitu, lakini za aina hii za zamani, hasa za nchi za joto, zimewahi kukutwa bomba la ndani linamomonyoka na kuziba hewa. Naweka mpya. Kiraba cha mdomoni nacho ni kipya, hicho ni rahisi. Na ona, hapa kiraba kinapoungana na hatua ya pili, kifungio cha plastiki hakipo. Mtu anaweza kufumbua mdomo chini ya maji akabaki ameng'ata kiraba peke yake, regulata imeanguka.

DADA: Kwa hiyo mtumba wa 150 umefika karibu na mpya ya 300.

FUNDI: Na bado sijaifungua hatua ya kwanza. Kama kutu imekula ule ukingo ambao vali inaukalia, hakuna sevisi itakayoiokoa. Mgandamizo wa kati utakuwa unapanda polepole, kisha hatua ya pili inaanza kumwaga.

KIJANA: Basi fundi, mitumba yote ni mibovu?

FUNDI: Sijasema. Mimi mwenyewe natumia iliyotumika. Vituo vinapobadilisha seti zao baada ya misimu kadhaa, vinauza za zamani. Hizo zinaoshwa kila siku, zinafanya kazi kila siku, na zina daftari la sevisi. Regulata haichakai kwa kazi peke yake, inachakaa kwa kukaa. Iliyokaa kabatini miaka mitatu naiogopa kuliko iliyozamia mara mia tatu ikiwa na daftari.

DADA: Umesikia? Hata ya kukodi, basi, si mbaya kama unavyoisema.

KIJANA: Kama kituo ni kizuri, dada. Siyo vyote.

FUNDI: Omba daftari. Kituo kizuri kitakuonyesha sevisi ya mwisho ilikuwa lini. Kikikasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu. Halafu fanya kama nilivyofanya mimi hapa: funga kifuniko, vuta. Ifunge kwenye mtungi, vuta midomo yote miwili huku unatazama geji. Sindano ikicheza kila unapovuta, vali ya mtungi haijafunguka vizuri au kuna kitu kimeziba. Nenda na kiraba chako mwenyewe, kinafungwa na kufunguliwa. Nenda na miwani yako. Hivyo viwili ninyi vijana mvinunue leo, maana uso wa mtu ni wake peke yake.

MZEE: Mimi nina jambo jingine, na hili halihusu kutu. Mwanangu, huyo anayekuuzia, yeye aliipata wapi?

KIJANA: Anasema ya ndugu yake.

MZEE: Ndugu yake alikuwa anafanyia nini? Unajua sheria yetu inakataza kuvua kwa mitungi. Na unajua kwamba wapo wanaovua hivyo usiku, pweza na majongoo bahari. Vifaa vyao havina daftari, hewa yao inatoka kwenye kompresa zisizo na chujio, na wenyewe wanashuka na kupanda mpaka viungo vinakufa ganzi. Wapo watu pwani hii wanaotembea kwa fimbo kwa ajili hiyo. Sitaki kifaa chako kiwe kimetoka kwa mtu wa namna hiyo, na sitaki siku ya doria ukose la kujibu.

KIJANA: Nitamuuliza, mzee. Mimi si mvuvi. Na si wageni tu. Mnakumbuka ndege ya Precision Air ilivyoanguka ziwani Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Watu 19 walikufa. Waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hapa kwetu siku za sikukuu fukwe zinajaa, na watu wanazama. Nikiwa na seti yangu nyumbani, sisubiri.

MZEE: Usiniletee hilo. Moyo wako ninauheshimu, lakini kuzama kumtafuta mtu ni kazi nyingine kabisa, ina mafunzo yake, ina kamba na mtu wa juu anayekushika. Cheti chako cha mita 18 hakikufundishi. Nimewahi kushiriki kutoa maiti, na mara moja tulitoa mbili badala ya moja. Jiandikishe ufundishwe uokoaji. Ukifundishwa, nitakuja mwenyewe kwa dada kukuombea hela ya mpya.

Kijana alinyamaza, na mimi naona mzee ana haki yote. Kumiliki kifaa kunampa mtu ujasiri ambao mafunzo hayajamlipia, na hatari hiyo haionekani kwenye chujio. Ikumbukwe pia kwamba mtu akipata ugonjwa wa mgandamizo hapa Kunduchi, mitungi yote ya oksijeni hospitalini haitoshi. Anahitaji kuingizwa kwenye chumba cha mgandamizo, na kwetu hapa maana yake ni kuvuka bahari kwenda Matemwe, Unguja.

DADA: Turudi kwenye mkopo. Tuseme kijana amenunua nzuri. Ataitunzaje hapa Bunju?

FUNDI: Swali zuri, dada, na watu hawalijibu. Unatakiwa kuiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uiloweke, siyo kuimwagia tu. Hapa kwetu visima vingi vina maji ya chumvi. Mtu anaisuuza kwa ndoo ya kisima, anaona ameiosha, kumbe ameibadilishia chumvi. Tumia maji ya bomba au ya mvua, yaonje kwanza. Uifunge kifuniko kabla, usibonyeze kitufe. Ikauke kivulini, siyo juu ya bati. Halafu iwekwe kwenye boksi lenye mfuniko, maana mende wanapenda sana kuingia kwenye hatua ya pili na kutaga humo.

DADA: Na sevisi ya mwaka wa pili, nani analipa?

KIJANA: Mimi.

DADA: Kwa hela ipi? Mkopo wa watu wengi hapa unaisha siku ya kununua. Hakuna anayeandika sevisi. Mimi nikiandika mkopo huu, sevisi mbili zinaingia humo humo na unazirejesha kila mwezi kama deni. Kama huwezi kurejesha na hizo, huwezi kurejesha regulata.

MZEE: Hapo binti yangu umenigusa. Hata kwa mpya iwe hivyo.

DADA: Hata kwa mpya. Kwa hiyo pendekezo langu: msimu huu akodi, lakini akodi kwenye kituo chenye daftari, na kiraba chake mkononi. Kituo kikiuza seti zake, fundi aende naye kuzikagua kabla hela haijatoka. Hozi ziwe mpya.

MZEE: Na mdomo wa manjano uwe mpya. Hilo siliachii.

FUNDI: Nakubali. Uwe wa chapa ile ile, nisihangaike na spea za aina mbili.

KIJANA: Na huyu wa hii hapa nimwambie nini? Ananisubiri kesho.

FUNDI: Mwambie hatua ya kwanza aichukue, siitaki hata bure. Hatua ya pili na geji nitazinunua mimi kwa spea, kama anaweza kuonyesha zilikotoka. Asipoweza, mrudishie yote.